Msimbo si namba, jamani: Excel na pembe ya kiwanja cha bibi

Najua nimepotea muda mrefu na wengine mmeanza kuuliza kama nimekula sapu mpaka nikashindwa kuandika. Hapana, nipo. Likizo ndefu imeisha, tumerudi chuo, bumu bado halijasoma, na vimbweta vimejaa watu wasiosoma bali wanaosubiri bumu. Mmoja wao ni mimi.

Sasa juzi jioni pale kimbwetani kulizuka ubishi. Alikuja rafiki yetu mmoja anayesomea mambo ya upimaji ardhi chuo kingine, tukawa tunapiga stori za kazi za likizo. Nikasema mimi nilishinda kwenye Excel nikirekebisha misimbo ya saveya. Jamaa akaruka kama kakanyaga moto. Akasema mtu yeyote anayefungua data za upimaji kwenye Excel anyang'anywe kompyuta, kwamba vitu hivyo vina programu zake na virekebishwe humo humo, basi.

Nilimbishia mpaka giza likaingia. Ila niwe mkweli kwenu: kati ya watu wote waliokaa pale, mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kumuunga mkono. Nilichokifanya likizoni nusura kimpunguzie bibi mmoja ardhi yake. Na bado nasema jamaa kakosea. Nipeni nafasi nieleze.

Kwanza kwa wale wasiojua hii misimbo ni kitu gani. Saveya akiwa saiti anatembea na fimbo yenye mashine ya GPS juu yake. Anaisimamisha kwenye kona ya nyumba, anabonyeza. Kwenye nguzo ya umeme, anabonyeza. Kwenye ukingo wa barabara, kwenye mti, kwenye jiwe la mpaka, anabonyeza. Kila akibonyeza, kile kikompyuta cha mkononi kinahifadhi namba ya pointi, kaskazini yake, mashariki yake, kimo chake, na neno fupi la kusema hicho ni kitu gani. Hilo neno fupi ndilo msimbo. Anaweza kuandika NG kwa nguzo, MT kwa mti, JM kwa jiwe la mpaka.

Ofisini kuna faili jingine, faili la misimbo. Hilo ndilo linaloiambia programu ya kuchorea: ukikuta NG weka alama ya nguzo kwenye tabaka la umeme, rangi nyekundu, ukikuta KB, ukingo wa barabara, unganisha pointi zake kwa mstari. Misimbo ikiwa safi, unaingiza data na mchoro unajitokeza nusu ukiwa umekamilika. Ikiwa michafu, unapata kitu kama kuku kapita kwenye unga.

Mimi nasoma elimu, mwaka wa pili, hisabati na jiografia. Likizo bumu lilipokata nikaenda Morogoro kwa mjomba wangu ambaye ni saveya wa kujitegemea. Alikuwa na kazi ya urasimishaji wa makazi kwenye mtaa mmoja uliojengwa zamani bila kupimwa, nyumba zimekaa kila moja inatazama kwake. Kazi ya saiti ilikuwa karibu inaisha, pointi kama 3,400. Tatizo likawa ofisini. Wapimaji walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na misimbo yake kichwani. Nyumba peke yake ilikuwa na majina manne: mmoja NY, mwingine NYUMBA, mwingine HSE, na pengine huyo huyo kachoka akaandika N. Nilipohesabu nikakuta misimbo 61 kwa vitu 18 tu!

Kali kuliko zote ilikuwa EP. Mpima mmoja alisoma kwa Kiingereza akatumia EP kwa ukingo wa lami. Mwingine alitumia EP kwa nguzo ya umeme, kwa sababu nguzo nayo kwa Kiingereza inaanza na herufi hizo hizo. Programu haijui nani kasema nini. Ikaunganisha nguzo zote na ukingo wa barabara kwa mstari mmoja, na barabara ikawa inapita juu ya mapaa ya watu ikienda kwenye nguzo na kurudi.

Mjomba alikuwa anarekebisha moja moja. Anafungua pointi, anafuta, anaandika, anafunga, anafungua nyingine. Siku mbili alikuwa hajafika hata pointi 600. Nikamwambia, "Mjomba, hii ni kazi ya jedwali." Nikatoa data zote kwenye faili la CSV, lile la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, nikalifungua kwenye Excel. Pembeni nikatengeneza jedwali dogo la safu mbili: kushoto msimbo ulioandikwa, kulia msimbo unaotakiwa. HSE ni NY. NYUMBA ni NY. N ni NY. Halafu VLOOKUP ikafanya kazi ya siku kumi kwa muda wa kunywa chai.

EP haikukubali njia hiyo, na hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Neno moja lenye maana mbili huwezi kulitafsiri kwa jedwali. Ilibidi niongeze safu ya jina la mpima, nikawapigia simu wote wawili, nikawauliza: kaka, EP yako ni nini? Jedwali lina kasi, lakini halikuwepo saiti. Aliyekuwepo saiti ni mtu.

Faili la misimbo lenyewe nalo nikalisafisha hivyo hivyo. Mistari 18, kila kitu na alama yake, tabaka lake na rangi yake, nikalirudisha kwenye programu. Mchoro ukatoka msafi. Barabara ikawa barabara. Mjomba akacheka peke yake, akanitumia hela ya vocha na ya chipsi. Nikajiona mimi ndiye mwenye ofisi.

Basi bwana, kiburi si maungwana.

Kulikuwa na kijana aliyerudi saiti siku ya mwisho kupima yaliyosahaulika, pointi 14. Alikuwa na kikompyuta cha kuazima ambacho hakikuwa na faili letu la misimbo, kwa hiyo alihifadhi namba tu na misimbo akaiandika kwenye daftari. Na kwa akili nzuri kabisa, ili namba zake zisigongane na za wenzake, akaziwekea sifuri mbele: 0109, 0110, 0111, mpaka 0122. Mimi nikachapa misimbo ya daftari lake, nikaiweka chini ya jedwali lenye namba za pointi na misimbo ya wengine, nikavuta yote kwa VLOOKUP. Haikuleta kosa hata moja. Visanduku vyote vilijaa.

Ramani ya awali ikabandikwa ukutani ofisi ya serikali ya mtaa ili wananchi waje waihakiki. Watu wakawa wanapita, wanatafuta nyumba zao, wanacheka, wanaondoka. Akaja bibi mmoja na kitenge begani, akasimama muda mrefu akipitisha kidole kwenye karatasi. Nikamsogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisomee. Hapa si kwangu?"

"Ndiyo bibi, ni kwako."

"Na huu mti nani kaupanda?"

Nikatazama. Kulikuwa na alama ya mti ukingoni mwa kiwanja chake. Nikamwambia bibi labda ni mwembe. Akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu.

"Mwembe wangu uko huku mbele ya nyumba, na mmeuchora, nauona. Hapo hapana mti. Hapo pana jiwe. Kalichimbia marehemu mume wangu, na juzi kijana wenu kalisimamia na fimbo yake, nilimpa na maji ya kunywa. Sasa jiwe mmeligeuza mti, na pembe yangu imekwenda wapi?"

Kweli wadau, pembe haikuwepo. Mchoraji alikuwa anaunganisha mawe ya mipaka, jiwe kwa jiwe. Alipofika pale akakuta alama ya mti, akauruka, akavuta mstari moja kwa moja kutoka jiwe la nyuma kwenda jiwe la mbele. Kiwanja cha bibi chenye pembe sita kikawa na pembe tano. Msingi wa pembetatu iliyokatwa ulikuwa mita 9 na kimo chake mita 4, yaani mita za mraba 18. Kwenye karatasi ni kidogo kama ukucha. Kwenye ardhi ni chumba cha mita 3 kwa 6 ambacho bibi anaweza kumpangisha mtu, na chumba hicho nilikihamishia kwa jirani.

Nikampigia mjomba. "Mjomba, pointi 112 imeandikwa mti, bibi anasema ni jiwe."

Mjomba akauliza, "112 ipi?"

Nikashangaa. "Ipi tena mjomba? 112 si ni moja?"

Kimya kidogo. Halafu akasema, "Kuna 112, na kuna sifuri mia na kumi na mbili."

Hapo nikaelewa, na miguu ikaisha nguvu. Nilipobofya lile faili mara mbili likafunguka, Excel iliona 0112 ikadhani ni namba, na namba haina haja ya sifuri mbele, ikaifuta. 0112 ikawa 112. Sasa kukawa na 112 mbili, na VLOOKUP tabia yake ni kuchukua ya kwanza inayoikuta kutoka juu. Ya juu ilikuwa 112 ya mpima mwingine, ambayo kweli ilikuwa mti, mitaa miwili mbele. Jiwe la marehemu likapewa jina la mti wa watu wengine.

Nilikagua zote 14. Pointi 11 zilikuwa sahihi kwa bahati tu, kwa sababu 112 na wenzake wa pande zote mbili mara nyingi walikuwa mawe. Tatu zilikuwa zimekosewa. Mbili hazikuwa na madhara makubwa. Ya tatu ilikuwa ya bibi.

Mjomba hakunigombeza, na hiyo iliniuma kuliko angenigombeza. Tulirekebisha siku ile ile, tukabandika karatasi mpya, na nikaenda mwenyewe kwa bibi kumwomba radhi. Akanipa embe mbili na kuniambia niwe natazama.

Sasa turudi kwenye ubishi wa kimbwetani. Jamaa yangu atasema: si umeona? Excel imekuponza. Mimi nasema hapana, kilichoniponza ni kutojua kwamba chombo ninachotumia kina tabia ya kukisia. Excel ilizaliwa kwa ajili ya hesabu za fedha na biashara. Ukiandika kitu kinachofanana na namba, inakifanya namba. Ukiandika kinachofanana na tarehe, inakifanya tarehe. Kwa mhasibu huo ni msaada. Kwa mtu wa misimbo ni balaa, kwa sababu msimbo si namba hata ukiandikwa kwa tarakimu. Msimbo ni jina. 0112 ni jina kama Asha ni jina, na ukiondoa herufi moja kwenye jina umemwita mtu mwingine.

Wala msidhani ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa pili peke yake. Wataalamu wa jeni duniani walikuwa na jeni zinazoitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel kila siku ikawa inazigeuza tarehe za mwezi wa tatu na wa tisa. Ilisumbua hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatoa mwongozo mpya wenye majina mapya, MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani walibadilisha jina la jeni kwa ajili ya lahajedwali! Mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa kumi, Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu faili la aina ya zamani la Excel linaishia mistari 65,536 na yaliyozidi hayakuingia. Wale wana madaktari, wana maprofesa, wana fedha. Na wao jedwali halikuwapigia kelele. Lilinyamaza tu.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kosa lenye kelele halina shida, utaliona. Ile EP iliyopitisha barabara juu ya mapaa ilikuwa na kelele, kila mtu aliiona. Pembe ya bibi haikuwa na kelele. Ramani ilikuwa nzuri, mistari imenyooka, alama zote zipo. Mbele kuna ukaguzi na kuidhinishwa, najua, lakini mkaguzi aliyekaa mezani angeona kiwanja cha pembe tano na mti ukingoni. Kuna ajabu gani hapo?

Lakini nikikubali hoja ya kupiga marufuku, najiuliza mbadala ni nini. Mjomba arudi kubadilisha pointi 3,400 moja moja kwa mkono? Mtu aliyechoka saa sita usiku anakosea zaidi ya mashine, na makosa yake hayana hata mpangilio wa kuyafuatilia. Kosa langu lilikuwa na sababu moja, na tulipoipata sababu tukayapata yote matatu kwa dakika kumi. Makosa ya uchovu ungeyapataje? Halafu tusijifanye: ofisi ndogo nyingi hizi data zinapita Excel tupende tusipende. Ukipiga marufuku watu watafanya kwa siri, tena bila kufundishwa. Bora wafundishwe.

Kwa hiyo kwa wenye kazi za namna hii, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuumia:

1. Usilibofye faili la CSV mara mbili. Fungua Excel kwanza, kisha liingize kupitia sehemu ya data, na safu za namba ya pointi na msimbo uziambie ni maandishi. LibreOffice yenyewe inakuuliza kabla ya kufungua, hapo unachagua safu unaiwekea maandishi. Tangu mwaka 2023 Excel mpya nayo ina mahali pa kuizuia isifute sifuri, lakini ofisi ngapi zina Excel mpya?

2. Faili la asili usiliguse. Tengeneza nakala, fanyia kazi nakala.

3. Usivute msimbo kwa kona ya kisanduku bila kutazama. UZIO1 ukiuvuta chini unakuwa UZIO2, UZIO3, UZIO4. Kwa programu inayounganisha pointi zenye msimbo mmoja, umeshavunja uzio wa watu vipande vipande na hakuna mstari utakaochorwa.

4. Angalia misimbo inayoanza na alama ya kujumlisha au kutoa. Baadhi ya programu hutumia alama hizo kuanza na kumaliza mstari. Excel ikiona +7 inaandika 7, mstari wako hauanzi.

5. Usipange safu moja peke yake. Ukipanga misimbo kwa alfabeti na ukaacha namba zilipokuwa, kila pointi imepewa jina la jirani yake.

6. Usipunguze desimali ili jedwali lipendeze. Ukihifadhi CSV, Excel inaandika kile kinachoonekana. Ukificha desimali za kaskazini yenye .472, umeitupa karibu nusu mita. Na usiweke mikato ya maelfu, kwa sababu mkato ndio unaotenganisha safu.

7. Kwenye VLOOKUP mwisho weka 0, ili itafute kilicho sawasawa, isilete kinachokaribia. Kabla ya hapo hesabu kila namba imejitokeza mara ngapi kwa COUNTIF. Ikitokea zaidi ya mara moja, simama. COUNTIF yenyewe inaona 0112 na 112 ni kitu kimoja hata zikiwa maandishi, na kwa kazi hii hilo ni jema, inakuonya. Ningefanya hivyo tu, bibi asingepungukiwa kitu.

8. Ukimaliza, fungua faili kwa Notepad uone yaliyomo kweli. Hesabu mistari: iliyoingia na iliyotoka iwe sawa. Kisha tazama namba. Kwetu huku kusini mwa ikweta kaskazini ya UTM inaanza kuhesabiwa kutoka 10,000,000 kwenye ikweta ikishuka, kwa hiyo Morogoro ina tarakimu saba na inaanza na 9, na mashariki ina tarakimu sita. Ukiona zimebadilishana, usiendelee.

9. Faili la misimbo lililo la XML, kama lile la Trimble linaloishia na .fxl, usilihifadhi kwa Excel. Hilo lina mpangilio wake wa ndani, lirekebishe kwa programu yake. Hapa nakubaliana na jamaa yangu mia kwa mia, asije akasema sina shukrani.

Na la kumi silihesabu kwenye orodha kwa sababu halimo kwenye kompyuta. Mrudishie mwenye ardhi aone. Mimi nina VLOOKUP, bibi ana kumbukumbu ya mume wake akichimba shimo. Siku ile kumbukumbu ndiyo iliyoshinda. Ukihakiki data na data nyingine iliyotoka kwenye faili hilo hilo, umejiuliza swali na umejijibu mwenyewe.

Sasa nimalize na sisi walimu watarajiwa, kwani hapa ndipo panaponiuma. Kozi yetu ya kompyuta tumefundishwa kutengeneza jedwali, kulipaka rangi, kujumlisha safu na kuchora chati ya duara. Hakuna aliyetuambia tofauti ya namba na jina lililoandikwa kwa tarakimu. Na huhitaji kuwa saveya kukutana nayo. Muulize mtu yeyote aliyewahi kuandika orodha ya namba za simu kwenye Excel, kama hakuona 07 inageuka 7. Muulize mwalimu aliyeorodhesha namba za mtihani za wanafunzi, 0045 ikawa 45. Kesho na keshokutwa tutakuwa tunajaza matokeo ya watoto wa watu. Mtoto wa 0112 akipewa alama za mtoto wa 112, nani atakayekuja kuuliza "112 ipi?"

Mtihani wangu kwa darasa nitakalopewa field ijayo nimeshauandaa, na haugharimu kitu. Nitawauliza kidato cha pili: je, unaweza kujumlisha namba yako ya simu na ya rafiki yako? Watacheka. Nitauliza, kwa nini mnacheka? Hapo ndipo somo linapoanza. Kitu usichoweza kukijumlisha ukapata maana si namba, ni jina, na jina halipunguzwi. Mtoto akilielewa hilo akiwa na miaka 15, hata akija kushika data za ardhi ya watu, hatabofya mara mbili kama mjomba wake huyu anayeandika hapa.

Huo ndio msimamo wangu. Jedwali lisifukuzwe kwenye kazi za saveya. Lifundishwe, likaguliwe, na lipelekwe kwa mwenye pembe yake alitazame. Jamaa yangu wa upimaji najua unasoma hapa, uwanja ni wako, nijibu. Na wengine wenye visa vya sifuri zilizopotea karibuni mtueleze, ila majina ya ofisi mtuachie, tusije tukaitwa.

Ni hayo tu kwa leo. Naenda kuangalia kama bumu limesoma. Naomba kuwakilisha.